Kiti cha Mkuu Kwenye Kampuni ya Kompyuta: Mwanzilishi, Mtu wa Hesabu, Mgeni au Mhandisi wa Kuajiriwa?

Kampuni za kompyuta huanguka zikiwa na watu wenye akili tele. DEC (Digital Equipment Corporation) ilikuwa nao, HP ilikuwa nao, Intel inao hadi leo. Mara nyingi kitu kipya kilishakuwepo mezani, kimechorwa, pengine kinawaka na kufanya kazi, kisha mwenye mamlaka akakikataa, au akasema tusubiri kidogo, au akakubali vitu vitatu kwa mpigo na vyote vikadumaa.

Ndiyo maana suala la nani akae kwenye kiti cha mkuu linawaumiza vichwa watu wa aina nyingi: mjumbe wa bodi anayetafuta mkurugenzi mtendaji, mwenye hisa anayejiuliza auze au ashike, na kijana mhandisi mwenye barua mbili za kazi mkononi. Hapa chini nawalinganisha wakuu wa aina nne. Mifano ni ya Marekani kwa sababu mambo yao yameanikwa hadharani: miaka, hela, nani alifukuzwa lini. Anayeunda vifaa Nairobi au Dar es Salaam atajionea mwenyewe yapi yanamgusa.

Vigezo kwanza

Nimetumia vinne. "Maono" na "haiba" nimeviacha kwa makusudi, maana hakuna anayeweza kuvipima mpaka miaka kumi ipite na mtu awe ameshalipwa kiinua mgongo chake.

Cha kwanza ni neno la mwisho: nani hasa anaamua bidhaa itoke au isitoke, na anaielewa kwa kiasi gani. Cha pili ni hela ya kesho. Prosesa mpya huchukua miaka minne au mitano tangu mchoro wa kwanza hadi kufika dukani, kwa hiyo mkuu anayehesabu kwa robo mwaka na anayehesabu kwa miaka mitano wanaweza kutazama mradi mmoja, mmoja akaona hasara na mwingine akaona akiba. Cha tatu, habari mbaya: kiwanda kikikwama, taarifa inampanda mkuu baada ya muda gani, naye anawaambia lini wenye hisa.

Cha nne ndicho kigumu: kipya dhidi ya cha zamani. Kitu kipya huanza kikiwa cha bei ndogo na faida nyembamba, tena mteja wake wa kwanza ni yule yule aliyekuwa akinunua kile cha ghali. Kukiruhusu ni kujipunguzia mapato kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya bodi.

1. Mwanzilishi aliyeijenga mashine mwenyewe

Ken Olsen alianzisha DEC mwaka 1957 pamoja na Harlan Anderson, ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard, Massachusetts, kwa mtaji wa dola 70,000. PDP-8 yao ya mwaka 1965 iliitoa kompyuta kwenye mikono ya serikali na mabenki ikaiingiza kwenye maabara na viwanda vya kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 DEC ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 120,000, na kwenye biashara ya kompyuta ni IBM tu iliyoizidi.

*Neno la mwisho* lilikuwa la mtu anayejua nyaya. Mhandisi hakulazimika kumfundisha bosi mashine inavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba bosi wa namna hiyo ana ladha yake. Mwaka 1974 David Ahl, mfanyakazi wa DEC, alipeleka pendekezo la kompyuta ndogo ya mtu binafsi, likakataliwa, naye akaondoka. (Kuna maneno ya mwaka 1977 ambayo Olsen husingiziwa kila siku, eti hakuna sababu ya mtu kuwa na kompyuta nyumbani. Alikuwa akizungumzia kompyuta ya kuendesha nyumba nzima, taa na milango. Tumhukumu kwa aliyoyatenda, yanatosha.)

Aliyoyatenda ni haya: mwaka 1982, IBM ikiwa imeshatoa PC yake, DEC ilizindua kompyuta binafsi tatu kwa pamoja, Rainbow, Professional na DECmate, kila moja na timu yake, na programu za moja hazikuenda kwenye nyingine. Rainbow ilikuwa nzuri kwa kuitazama na imara. Lakini mwanzoni haikuweza kuziandaa (kuzifomati) disketi zake yenyewe. Mteja aliyenunua mashine ya maelfu ya dola alitakiwa anunue disketi zilizokwisha kuandaliwa, kutoka DEC. Mwenye IBM aliingia duka lolote akachukua boksi la disketi tupu, akaziandaa mezani kwake. Mtu aliyezoea kuwauzia wahandisi wa maabara hawezi kuliona tatizo hilo hata ukimwonyesha.

*Hela ya kesho* haikukosekana, ila ilifuata mapenzi ya mzee. Fedha nyingi mno zilimwagwa kwenye VAX 9000, jitu la kompyuta lililotangazwa mwaka 1989 kushindana na mashine kubwa za IBM. Mradi uliitwa Aquarius kwa sababu ulibuniwa upozwe kwa maji; ukaishia kupozwa kwa hewa. Muda si mrefu chipu ndogo iliyotoka humo humo DEC ikawa inalikaribia jitu hilo kwa kasi.

*Habari mbaya*: za ufundi zilimfikia mapema, watu wa DEC walibishana kwa sauti na hakuna aliyewaziba mdomo. Za soko zilichelewa.

*Kipya dhidi ya cha zamani*: VAX, familia ya kompyuta za DEC, ilikuwa ndiyo mlo wa kampuni, na kila kilichoitishia kilipata shida. Mwaka 1988 mradi wa Prism, wa prosesa mpya, ulifutwa, na Dave Cutler aliyeuongoza akahamia Microsoft pamoja na baadhi ya watu wake. Huko wakajenga Windows NT, iliyotoka mwaka 1993. Olsen alikuwa ameshaondolewa mwaka 1992.

Lakini muweke Jensen Huang pembeni yake. Nvidia, aliyoianzisha na wenzake mwaka 1993, ilitangaza mwaka 2006 CUDA, yaani njia ya kuitumia kadi ya michezo kwa hesabu za kawaida. Gharama yake iliingia kwenye kila chipu, hata ya kijana anayetaka kucheza gemu tu. Wawekezaji walinuna kwa miaka. Mwaka 2012 watafiti wa Toronto walifundisha mtandao wao wa kutambua picha kwa kadi mbili za gemu za Nvidia, na hesabu ikageuka. Mkuu wa kuajiriwa, nionavyo mimi, asingefika 2012 akiwa bado kazini.

*Anafaa* kampuni changa, au ile ambayo bidhaa yake ijayo inafanana na iliyopita kwa mteja. Hafai pale mteja anapobadilika.

2. Mtu wa hesabu na biashara

Paul Otellini, aliyeongoza Intel kuanzia 2005 hadi 2013, alikuwa mkuu wake wa kwanza asiye mhandisi. Alisomea uchumi na biashara. Miaka yake haikuwa ya njaa: mapato ya mwaka yalikuwa dola bilioni 34 kabla hajaingia, na mwaka 2012 yalikuwa bilioni 53. Kompyuta za Apple zilihamia kwenye chipu za Intel wakati wake.

*Neno la mwisho* lilipitia kwenye jedwali la gharama na faida. Apple ilipoijia Intel kutaka chipu ya simu iliyokuwa bado siri, bei waliyoitaja ilikuwa chini ya gharama iliyokadiriwa. Otellini akakataa. Akiwa anaondoka mwaka 2013 alimweleza mwandishi wa habari kwamba makadirio ya gharama hayakuwa sahihi, na simu zilizouzwa zilikuwa mara mia ya zilizofikiriwa. Hesabu yake haikuwa ya kizembe. Kwa takwimu zilizokuwa mezani siku ile, mkuu yeyote makini angesita.

Kinachoniuma mimi ni XScale. Mwaka 1996 DEC ilitoa StrongARM, prosesa ndogo iliyokula umeme kidogo sana. Kesi kati ya DEC na Intel ilipomalizwa, mbegu hiyo ikahamia Intel, ikapewa jina la XScale, ikaingia kwenye vifaa vya mkononi. Intel, kampuni ya chipu za kompyuta za mezani, ilikuwa na familia nzima ya chipu za kushika mkononi! Mwaka 2006 ikaiuzia Marvell kwa dola milioni 600. Januari 2007 iPhone ikatangazwa, na ndani yake mlikuwa na chipu ya Samsung ya ARM, ukoo ule ule wa prosesa uliozaa StrongARM.

*Hela ya kesho*: utafiti haukukatwa kwa shoka, Intel iliendelea kutumia mabilioni. Ila mabilioni mengine yalirudi kwa wanahisa kama gawio na kwa kampuni kununua hisa zake yenyewe. Mwaka 2024 Intel ilisitisha gawio kwa sababu hela ya viwanda haikutosha. Bob Swan, aliyekuwa mkuu wa fedha kabla ya kushika kiti rasmi mwaka 2019, aliuza biashara ya modemu kwa Apple kwa dola bilioni 1 na kukubali kuuza ile ya kumbukumbu za NAND kwa SK Hynix kwa bilioni 9.

*Habari mbaya*: hapa mtu wa hesabu anastahili sifa. Julai 2020 Swan alitamka wazi kwamba teknolojia ya nanomita 7, yaani kizazi kipya cha utengenezaji wa chipu, imechelewa na kwamba Intel huenda ikatengenezewa chipu na viwanda vya wengine. Hisa zilianguka siku iliyofuata. Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba anaondoka. Alisema ukweli, akaulipia.

*Kipya dhidi ya cha zamani*: ndipo anapokwama zaidi, kwa kuwa cha zamani kina namba na kipya hakina. Hata hivyo kufunga kitu si lazima kuwe kuua ubunifu. Mwaka 1985 Intel iliachana na chipu za kumbukumbu za DRAM, biashara iliyoizaa, ikabaki na prosesa. Uamuzi ule mkavu ndio uliolipia miaka thelathini iliyofuata, na walioufanya, Andy Grove na Gordon Moore, walikuwa wanasayansi.

*Anafaa* kampuni yenye bidhaa inayotawala na viwanda vinavyokwenda vizuri. Hatari yake inajificha ndani ya faida.

3. Mgeni mwenye mpango mkubwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone. HP, iliyoanzia Palo Alto mwaka 1939, ilijaribu dawa hiyo mara tatu mfululizo: Carly Fiorina kutoka Lucent mwaka 1999, Mark Hurd kutoka NCR mwaka 2005, Léo Apotheker aliyetokea SAP mwaka 2010.

*Neno la mwisho*: ni la mkuu, haraka, kabla hajamaliza kuwafahamu watu wake. Fiorina alishinda vita vikali vya wanahisa akainunua Compaq, kampuni nyingine ya kompyuta, mwaka 2002. Compaq nayo ilikuwa imeimeza DEC mwaka 1998, kwa hiyo mabaki ya Maynard yaliishia humo.

*Hela ya kesho*: Hurd alitangaza kupunguza watu 14,500 miezi michache baada ya kuingia. Mapato yalipita dola bilioni 100 kwa mwaka, na soko la hisa likampenda. Lakini alipoondoka, kwa kila dola ya mapato, chini ya senti 3 zilikwenda kwenye utafiti. Kampuni iliyojijengea jina kwa vipimo na printa ikawa inauza vitu ambavyo jirani naye anauza.

*Habari mbaya*: mgeni hana kosa la jana la kulificha, huo ni mtaji mkubwa. Hana pia rafiki wa kumnong'oneza.

*Kipya dhidi ya cha zamani*: tazama Agosti 18, 2011. HP ilikuwa imeinunua Palm mwaka uliotangulia kwa dola bilioni 1.2 ili ipate webOS, mfumo endeshi ambao wahandisi wengi waliusifu. Kishikwambi cha TouchPad kiliingia sokoni Julai 1 kwa dola 499. Siku 48 baadaye Apotheker akakifuta, akasema anafikiria kuitenga biashara nzima ya kompyuta binafsi, na akatangaza kuinunua kampuni ya programu ya Autonomy. Yote siku moja. TouchPad ikashushwa hadi dola 99, na watu waliokuwa hawaitaki wakapanga foleni. Mwezi uliofuata Apotheker mwenyewe akafutwa. Autonomy ikaja kufutiwa thamani, sehemu kubwa ya hasara ya dola bilioni 8.8 iliyotangazwa mwaka 2012.

Tuwe waadilifu. Lou Gerstner aliingia IBM mwaka 1993 akitokea kampuni ya sigara na biskuti, IBM ikiwa kwenye mwaka wa hasara ya dola bilioni 8. Mpango uliokuwepo ulikuwa kuigawa vipande. Aliusimamisha, akaridhia kuihamishia mashine kubwa kwenye chipu za CMOS za gharama nafuu, akashusha bei za bidhaa iliyokuwa ikiwalisha. Wenyeji walijua dawa hiyo. Walikosa mtu asiye na woga wa kuinywa.

*Anafaa* nyumba inayoungua kweli kweli. Nyumba yenye moshi wa jikoni tu itaungua akifika.

4. Mhandisi wa kuajiriwa

Lisa Su alijiunga na AMD, mshindani wa Intel kwenye prosesa, mwaka 2012 baada ya IBM na Freescale, akawa mkuu Oktoba 2014. Hisa zilikuwa karibu dola 3. Bajeti ya utafiti ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya Intel.

*Neno la mwisho*: mtu anayesoma ripoti ya wahandisi bila mkalimani, lakini asiye na mashine yake ya ujana ya kuitetea. Alichagua vichache. SeaMicro, kampuni ya seva ambayo AMD iliinunua kwa dola milioni 334, ikafungwa mwaka 2015. Prosesa ya ARM iliyoitwa K12 ikawekwa kabatini. Hela ikaelekezwa Zen, muundo mpya wa prosesa, na prosesa yake ya kwanza, Ryzen, ikatoka mwaka 2017.

*Hela ya kesho*: ilitoka mahali pasipotajwa sana, chipu za PlayStation 4 na Xbox One, zenye faida ndogo ila za uhakika. Na Zen haikuanza na Su. Ilianza wakati wa Rory Read, mtu wa biashara kutoka Lenovo, ambaye ndiye aliyewaajiri Mark Papermaster, mkuu wa teknolojia, na Su mwenyewe. Jim Keller, mbunifu wa prosesa, naye alirudi AMD wakati wa Read. Anayesema "weka mhandisi, mambo yatanyooka" anaruka ukurasa huo.

*Habari mbaya*: inategemea mhandisi gani. Brian Krzanich, aliyekulia Intel tangu 1982 na kuiongoza kuanzia 2013 hadi 2018, alizijua sakafu za viwanda vyema. Nanomita 10 ikakwama mikononi mwake, kwa sababu za kihandisi kabisa: lengo la kubana transista nyingi mno kwa hatua moja, bila mashine za kuchora chipu kwa miale mifupi sana ya mwanga, EUV. Kila mwaka ilikuwa ya mwaka ujao. Ilifika kwa wingi 2019, yeye akiwa hayupo.

*Kipya dhidi ya cha zamani*: AMD haikuwa na cha zamani cha kulinda, jambo lililomrahisishia Su kazi. Alipobana ndipo palipochelewa: programu za kuendesha kadi za AMD kwenye akili mnemba zilibaki nyuma ya CUDA kwa miaka.

*Anafaa* kampuni yenye hela kidogo na njia moja tu ya kutokea, mradi bodi impe miaka minne.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

*Kampuni ni changa na mwanzilishi bado ana moto:* mwache kwenye kiti, ila mpe mtu mmoja wa soko ambaye mwanzilishi huyo hawezi kumfukuza kwa hasira. DEC ilikuwa na wabishi wengi wa ufundi. Mtu wa kuuliza habari za disketi hakusikika.

*Bidhaa inauzwa kama maandazi na hakuna aliyekusogelea:* mtu wa biashara anaweza kukupa miaka minane mizuri. Bodi ijiwekee sharti kwamba uuzaji wa kitengo chochote chenye teknolojia tofauti na bidhaa kuu usomwe kwanza na wahandisi wasiomtegemea mkuu kwa cheo.

*Hasara ipo kwenye vitabu na wenyeji wamegawanyika makundi:* tafuta mgeni, na umkatalie ununuzi mkubwa wa kampuni nyingine kwa mwaka wa kwanza. Ukisikia anataka kutangaza mambo matatu siku moja, itisha kikao.

*Umebanwa, hela ni chache, kuna mradi mmoja tu wenye uhai:* mhandisi wa kuajiriwa. Mwulize kwenye usaili atafunga nini, kwa majina. Asiye na orodha hajasoma nyaraka ulizompa.

*Wewe ni mwenye hisa:* kabla ya wasifu wa mkuu, linganisha kinachokwenda kwenye utafiti na kinachokwenda kwenye gawio na ununuzi wa hisa kwa miaka mitano mfululizo. Namba hizo huchapishwa kila mwaka.

*Wewe ni mhandisi mwenye barua mbili za kazi:* kwenye mahojiano uliza mradi gani ulifutwa karibuni, nani aliufuta, na waliokuwa wakiufanya wako wapi sasa. Kama bado wako jengo lile lile wakifanya kingine, saini. Kama wote wamehamia kwa mshindani, uliza kama huko nako wanaajiri.